Msichana wa riwaya za Kigothiki si pambo: mtazameni anapoingia

Ndugu Mhariri,

Makala iliyotoka karibuni katika ukurasa wako wa vitabu, ile iliyohusu riwaya za Kigothiki, ilistahili nafasi uliyoipa. Ni nadra gazeti la Kiswahili kuzungumzia kwa urefu hadithi za majumba makongwe, siri za ukoo na vyumba visivyofunguliwa. Lakini humo mna dai moja lisilofaa kuachwa lipite: kwamba msichana wa riwaya hizo ni pambo tu, kwamba anaingia akiwa mrembo, anaogopa, anazimia, kisha anaokolewa. Dai hilo hurudiwa sana na watu waliotazama majalada kuliko kurasa za ndani. Ningelinyamazia kama lisingeharibu chochote, ila athari yake imeshaanza kuonekana katika hadithi za kutisha za mfululizo tunazozisoma magazetini kwa lugha yetu.

Ukweli ni kwamba waandishi hodari wa aina hii hawakumwingiza msichana kwa sura yake. Walimwingiza akiwa anatenda jambo, mara nyingi akiwa ameshika kitu mkononi, na kitu hicho hurudi baadaye kudai hesabu yake. Nani ni nani, nani ana moyo na nani hana, tunajua hapo hapo kabla hata mzimu haujabisha hodi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Jane Eyre wa Charlotte Brontë, riwaya iliyotolewa London mwezi Oktoba 1847 kwa jina la kubuni la Currer Bell. Jane ana miaka 10, ni yatima anayelelewa kwa shingo upande na mjane wa mjomba wake katika nyumba iitwayo Gateshead. Ni siku ya Novemba, mvua na upepo wa baridi, hakuna kutoka nje. Mwenye nyumba ameketi sebuleni karibu na moto, watoto wake watatu wamemzunguka, na Jane amekatazwa kukaa nao. Anajipenyeza chumba cha jirani, anachukua rafuni kitabu chenye picha, kile cha ndege wa Uingereza cha Thomas Bewick, anapanda kwenye kiti cha dirishani, anakunja miguu na kuvuta pazia jekundu. Kulia kwake ni kitambaa, kushoto ni kioo cha dirisha na mvua. Mwandishi ameshatuonyesha tabia ya mtoto huyu bila kuitaja: amenyimwa nafasi, akajitengenezea yake.

Anaingia John Reed, mtoto wa mjomba, miaka 14. Anaita, haoni mtu. Dada yake Eliza anachungulia na kumwambia yule yuko dirishani. Hapa kuna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita: Jane anatoka mwenyewe, mara moja, kwa sababu hastahimili wazo la kuburutwa. John anampiga. Anamwambia hana ruhusa ya kugusa vitabu vya nyumba ile, kwani yeye ni mtegemezi asiye na senti. Anamwamuru asimame karibu na mlango, mbali na kioo na madirisha, kisha anamrushia kitabu kile kile. Jane anaanguka, kichwa kinagonga mlango, damu inatoka. Ndipo anapofungua mdomo: anamwita mwovu na mkatili, anamfananisha na muuaji, na msimamizi wa watumwa, na makaisari wa Roma. John anamrukia na kumkamata nywele. Jane anapambana naye, na baadaye anasimulia kwamba hajui vizuri mikono yake ilifanya nini.

Tazameni mpangilio. Kwanza dharau, kisha pigo, kisha maneno, mwisho mikono. Ungebadilisha hatua moja tu, msichana angekuwa mtu mwingine. Angefoka kabla ya kupigwa, tungemwona mtoto mtundu. Angerusha ngumi bila kusema neno, tusingejua kwamba kichwani mwake mlikuwa na hoja iliyopikwa kwa miaka. Yale maneno kuhusu makaisari hayakushuka kutoka hewani: Brontë anatueleza kwamba Jane alikuwa amesoma historia ya Roma na kulinganisha kimoyomoyo, bila kukusudia kuyasema hadharani. Kwa hiyo vitabu ndivyo maficho yake, ndivyo vilivyompa ulimi, na kimojawapo ndicho kilichompasua kichwa.

Jambo la pili ni kwamba katika kurasa zote hizo hatuambiwi Jane ni jasiri. Tunaambiwa kinyume. Kila mshipa wake unamwogopa John, mwili unasinyaa akimkaribia. Ujasiri wake unatoka ndani ya hofu hiyo hiyo, ndiyo maana tunauamini. Na uso wake? Hatuelezwi, ila tunajua kwamba ni mdogo na dhaifu wa mwili kuliko watoto wenzake wa nyumba ile. Elizabeth Gaskell, katika wasifu wa Brontë aliouchapisha mwaka 1857, anaeleza kwamba Charlotte alibishana na dada zake waliozoea kuwafanya wasichana wao wawe warembo; akawaambia atawaonyesha shujaa mdogo wa umbo na asiye na sura ya kuvutia, kama yeye mwenyewe. Alitimiza.

Sasa tuje kwenye kuzimia, maana hapo ndipo mwandishi wa makala anapopata nusu ya haki. Jane anazimia kweli. Baada ya ugomvi anapelekwa kufungiwa katika chumba chekundu, njia nzima akipinga, hadi watumishi wawili wanatishia kumfunga kitini kwa mikanda ya soksi. Chumba hicho ndimo mjomba wake alimofia miaka 9 iliyotangulia: kitanda cha nguzo nzito za mti wa mahogani, mapazia mekundu, kioo kikubwa, vifunika madirisha vimeshushwa daima. Giza linaingia. Mwanga unaonekana ukutani, unateleza hadi darini. Jane anaamini ni mjomba anayetoka kaburini. Anapiga kelele, anakimbilia mlango na kutikisa kitasa kwa nguvu zake zote, anaomba atolewe. Mlango unafunguliwa, mjane anamsukuma arudi ndani na kumfungia tena. Hapo ndipo anapopoteza fahamu. Kuzimia ni kiungo cha mwisho cha mnyororo, baada ya kila njia nyingine kujaribiwa. Anayeruka viungo vya kati na kuanza na kuzimia ameacha hadithi yenyewe.

Na ule mwanga? Jane mkubwa, anayesimulia, anatuambia kwamba yaelekea ulikuwa wa taa ya mtu aliyekuwa akikatiza uwanjani. Hofu haipungui kwa kuelezwa hivyo. Inaongezeka, kwa kuwa tumebaki na jambo baya kuliko mzimu: mtu mzima mwenye ufunguo aliyesikia kilio cha mtoto na kufunga mlango.

Siku chache za kusoma mbele, katika sura ya 4, Jane anamkabili mjane huyo uso kwa uso na kumwambia kwamba hampendi na kwamba yeye Jane si mwongo. Anashinda. Kisha Brontë anafanya jambo ambalo waandishi wa wasichana machachari husahau: anamlipisha. Kisasi kinaonja kama mvinyo mtamu, halafu ladha yake inageuka kuwa ya chuma, kama sumu. Moyo mkali una gharama, na gharama inaanza kulipwa utotoni.

Wasomaji wa wakati ule hawakuona pambo lolote hapo. Mwezi Desemba 1848 Elizabeth Rigby, bila kutaja jina lake, aliandika uhakiki katika jarida la Quarterly Review akilalamika kwamba Jane ni roho isiyotubu wala kutii nidhamu. Alikasirika, lakini alisoma kwa makini. Alichokiona katika sura za mwanzo ni tishio, na alikuwa sahihi kuliko wanaomwita Jane binti wa kulia tu.

Hata mkutano wa kwanza na Rochester, mwenye nyumba anakofundisha Jane na mwanamume atakayempenda, umegeuzwa juu chini. Jane, sasa wa miaka 18, anapeleka barua posta kijijini jioni ya Januari. Anasikia vishindo vya farasi na kukumbuka ngano ya mzimu wa njiani unaojigeuza farasi, nyumbu au mbwa mkubwa. Mbwa mkubwa anatokea kweli, kisha farasi, kisha juu yake mtu wa kawaida, na ndoto inakatika. Farasi anateleza kwenye barafu, mpanda farasi anateguka kifundo, na anayehitaji bega la kuegemea ni yeye. Msichana ndiye aliyesimama wima.

Mdogo wake Charlotte, Emily Brontë, alitoa riwaya ya Wuthering Heights mwezi Desemba mwaka ule ule wa 1847, na yeye alifanya jambo la ajabu zaidi. Catherine Earnshaw anaingia akiwa ameshakufa zamani. Mgeni, Lockwood, analazwa katika kitanda cha kabati kando ya dirisha na kukuta jina limekwaruzwa kwenye rangi ya kizingiti, mara kwa mara: Catherine Earnshaw, Catherine Heathcliff, Catherine Linton. Majina matatu, la kwao, la aliyempenda na la aliyeolewa naye, na ndani yake hadithi nzima. Kisha anapata vitabu vya Catherine, kandokando za kurasa zimejaa shajara ya kitoto. Humo tunasoma kuhusu Jumapili moja ambapo mtumishi mzee aliwalazimisha watoto kusoma vitabu vya dini. Catherine alikikamata chake na kukitupa kwenye banda la mbwa. Hivyo kabla hatujaona nywele wala macho yake, tumeona mwandiko na hasira yake. Ndipo unapokuja mkono wa baridi dirishani ukiomba kuingizwa. Mkono huo unatisha kwa sababu tunamjua mwenyewe. Bila shajara, ungekuwa mkono tu.

Wanaosema mtindo huu ulianza na wasichana dhaifu wanarudi kwa Horace Walpole na The Castle of Otranto, kitabu kilichotoka mwishoni mwa 1764. Warudi basi wakisoma. Isabella, akitakiwa kwa nguvu na baba wa mchumba wake aliyekufa siku ya harusi, anachukua taa na kushuka chini ya ngome, kwa kuwa anakumbuka njia ya siri inayofika kanisani. Upepo unazima taa. Katika giza anakutana na kijana asiyemjua, na ni Isabella anayemweleza kwamba kuna mlango wa sakafuni wenye kufuli la siri. Kijana anatoa nguvu za mikono, yeye anatoa ujuzi wa nyumba.

Ann Radcliffe, katika The Mysteries of Udolpho ya 1794, ana msichana anayelia sana, hilo halina ubishi. Emily St. Aubert hulia karibu kila mara mwezi unapochomoza. Lakini usiku wake wa kwanza ngomeni anakagua chumba na kugundua mlango wa pili unaoshuka ngazini, wenye makomeo upande wa nje tu. Anaweka kiti kizito kuuzuia. Hiyo ndiyo Gothiki kwa undani wake: komeo liko upande gani? Na msichana huyu wa machozi anakataa kwa muda mrefu kutia saini hati za mashamba anazodaiwa na Montoni, mume wa shangazi yake, mtu mwenye askari, ngome na funguo zote. Machozi na msimamo vinakaa pamoja bila shida.

Jane Austen aliuelewa mtindo huu vizuri kiasi cha kuucheza shere kwa upendo. Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya kifo chake, inaanza kwa kusema kwamba hakuna aliyemwona Catherine Morland utotoni angedhani amezaliwa kuwa shujaa wa riwaya. Anapenda kriketi kuliko wanasesere, anapenda kujiviringisha kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya nyumba. Akiwa na miaka 17 anafika kwenye nyumba ya kale, anahangaika usiku na kabati lililofungwa, anapata karatasi ndani, mshumaa unazimika. Asubuhi anakuta ni orodha za nguo za dobi. Na kabati lilikuwa wazi tangu mwanzo, yeye ndiye aliyelifunga kwa kuzungusha ufunguo. Wengi hucheka na kuishia hapo. Ila msichana huyo, kwa pupa yake yote, hakukosea kuhisi kwamba mwenye nyumba, jenerali mmoja, ni mtu mbaya. Alikosea aina ya ubaya tu: jenerali huyo hakumuua mkewe, bali alimfukuza mgeni wake asafiri peke yake mwendo wa siku nzima mara alipogundua kwamba hana fedha.

Baadaye vitu vya mkononi vinabadilika na zama. Katika Dracula ya Bram Stoker, 1897, Mina Murray anatokea kwanza katika barua, mwalimu msaidizi anayejifunza hati mkato na taipureta. Inaonekana habari ya pembeni. Lakini ni Mina anayechapa shajara za wote na kuzipanga kwa tarehe hadi njia za yule mnyonya damu zikaonekana, na Dracula anapochoma maandishi, nakala nyingine iko salama ndani ya sefu. Marian Halcombe wa Wilkie Collins, katika The Woman in White, anatambaa usiku juu ya paa la veranda kusikiliza njama, na kwanza anavua gauni la hariri na sketi nyeupe za ndani, kwa kuwa zina mchakacho na zinachukua nafasi ya wanaume watatu. Mvua inamnyeshea, anaugua vibaya. Gharama, tena.

Kuna msichana mmoja aliyenyimwa mwanzo, na haki haitatendeka nisipomtaja. Bertha Mason, mke wa Rochester kutoka Spanish Town, Jamaika, anayefichwa na mumewe kama mwendawazimu, anaingia katika Jane Eyre kama kicheko tu kwenye ghorofa ya tatu, na Jane anaambiwa ni mtumishi. Jane alipewa pazia, kitabu na maneno yake mwenyewe. Bertha hakupewa hata sentensi moja. Mtoto aliyempigia kelele "msimamizi wa watumwa" anakuja kumpenda mtu aliyeoa fedha za Jamaika, na riwaya haisimami hapo kuuliza. Aliyesimama ni Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, mwaka 1966. Katika Wide Sargasso Sea alimrudishia mwanamke huyo jina Antoinette, utoto, na shamba la Coulibri linaloungua moto. Alijua kwamba ukitaka kumfanya mtu aonekane mwendawazimu wa darini, njia rahisi ni kumnyima sura ya kwanza.

Narudi kwenye hadithi zetu za mfululizo, kwa heshima ya wanaoziandika. Kosa linaloonekana zaidi ni kufungua kwa umbo namba nane, macho ya kungu na rangi ya maji ya kunde. Msomaji anawekwa nje akimtazama msichana, ilhali hofu ya aina hii inataka msomaji awe ndani pamoja naye, akitazama mlango. Kosa la pili ni kutangaza "alikuwa binti jasiri asiyeogopa chochote", kisha aya inayofuata anakwenda makaburini saa nane za usiku bila sababu. Asiyeogopa chochote hawezi kututisha. Na sababu ni lazima: Isabella anashuka chini kwa kuwa juu kuna mtu mbaya zaidi, Emily wa Radcliffe anafuata bawabu gizani kwa kuwa anamtafuta shangazi yake. Kosa jingine ni kuzima taa kabla hatujakijua chumba. Mwandishi atuonyeshe mapema mlango uko wapi, unafungwa kwa nje au kwa ndani, na mwanga unatoka wapi. Sentensi tatu zinatosha. Umeme ukikatika baada ya hapo, kila msomaji atajua mkono wake unapapasa nini.

Kuhusu sura ya msichana, maneno 30 yatosha, tena yaje baada ya tendo lake la kwanza. Sehemu moja ya gazeti ina nafasi ndogo, na maneno 200 ya urembo yanameza nafasi ya dharau, pigo, jibu na adhabu, mambo manne ambayo Brontë aliyamaliza katika sura moja fupi.

Nina ombi kwako, Mhariri. Tafadhali chapisha sura ya kwanza ya Jane Eyre kwa Kiswahili, nzima, bila kufupisha. Charlotte Brontë alifariki mwaka 1855, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuomba. Jean Rhys alifariki 1979, kazi yake bado inalindwa, huyo asiguswe bila idhini. Sura hiyo inagawanyika vizuri katika matoleo matatu. La kwanza liishie pale pazia linapovutwa na ukurasa wa ndege kufunguliwa. La pili liishie John anapoita na kudhani chumba kitupu. La tatu lichukue yaliyobaki hadi amri ya kumpeleka chumba chekundu. Mfasiri asiongeze kivumishi chochote kwa Jane ambacho mwandishi hakukiweka, hasa neno "jasiri".

Wako,
Mwalimu wa fasihi,
Tanga